Orodha ya Walio Chini

Ukitaka kuniudhi, niambie, "Mama, hesabu imelala." Nikisikia maneno hayo siku hizi mwili unanisisimka. Hesabu ilikuwa imelala, imekaa sawasawa, siku ile nusura nimuue mtalaka wangu, na nilikuwa nimeikagua mara mbili.

Mimi ndiye Mama Taa. Jina nilipewa na wachimbaji wa handaki la maji, kwa sababu mtu haingii chini bila kupita dirishani kwangu kuchukua taa ya kofia, na hatoki bila kuirudisha. Taa zina namba, na zinakaa kwenye rafu ya kuchajia nyuma ya kiti changu. Mbele yangu kuna kompyuta, na ndani yake kuna faili la walio chini: kila mtu na jina lake, namba ya taa yake, na tawi alilokwenda, kushoto au kulia. Handaki linagawanyika hivyo. Baruti ikiwashwa kushoto, walio kulia wanafungiwa mlango mnene wa chuma na kuendelea na kazi zao. Aliye kushoto hana mlango. Kwa hiyo kazi yangu, ukiondoa maneno mengi, ni moja tu: nisiseme kushoto hakuna mtu wakati mtu yupo.

Wiki ile mashine ya kusoma kadi iliugua. Kawaida mtu akitoka anagusisha kadi, na jina lake linajitoa lenyewe kwenye faili. Sasa mashine ikawa ya kubembelezwa, mara inasoma, mara imekata kauli. Msimamizi wa zamu akaniambia niwe nafungua faili na kufuta kwa mkono. Nikamkatalia. Faili lile si daftari. Kila mtu amefungwa ndani ya mabano yake, na kati ya mtu na mtu kuna mkato. Ukigusa mkato mmoja vibaya, kompyuta inaikataa orodha nzima na hujui tena nani yuko wapi. Karani wa zamu ya asubuhi alishayafanya hayo, tukashinda saa nzima tunaita watu majina kwenye simu ya chini kama walimu wa chekechea.

Basi nikaandika skripti, yaani amri fupi za kompyuta. Sikusomea mambo haya, niliyaokota humu humu kazini kwa ubishi wangu. Mistari sita tu. Unaitajia nafasi ya mtu kwenye orodha, wa ngapi kutoka juu, nayo inamtoa pamoja na mabano yake, mikato inabaki mahali pake, na faili linaandikwa upya papo hapo. Jumatatu ikamtoa mmoja. Jumanne ikawatoa sita, mmoja mmoja kadiri walivyorudisha taa. Haikukosea hata mara moja. Msimamizi akanisifu mbele ya watu, na mimi nikisifiwa sishikiki.

Jumatano asubuhi akaja fundi pampu. Huyo ndiye mtalaka wangu. Tuliishi miaka kumi na tisa, tukaachana, na Mungu kwa utani wake akatuajiri sehemu moja. Kila siku nampa taa, kila siku ananirudishia, na katikati hatuna la kuongea.

"Ishirini na saba," akasema, kana kwamba siijui taa yake.

Nikampa. Hakuondoka.

"Nasikia mjukuu ana siku nane."

"Masikio yako mazima."

"Binti anasema kwa kuwa yuko kwako, nikuulize wewe kwanza. Nilitaka nije Jumamosi, nimwone tu. Hata maji sitakunywa."

Nyuma yake kulikuwa na foleni, wote wamejifanya wanafunga kamba za viatu. Nikamwambia, "Kwangu usikanyage."

Msinihukumu haraka. Yule mwanaume ni mchelewaji kwa kuzaliwa. Alichelewa posa, akachelewa binti alipozaliwa, akachelewa hata siku ya talaka, hakimu akamsubiri. Hayo yote nilimsamehe. Lakini mama yangu alizikwa saa kumi alasiri, na yeye akafika giza limeingia, mikono ina grisi, eti pampu ilikuwa haijakaa sawa. Nilisimama peke yangu pale kaburini, na hilo sijalimeza mpaka leo. Basi fundi pampu akavaa taa yake kichwani, akaenda.

Saa tisa na nusu mchana, kwenye orodha walikuwa wamebaki sita. Wa kwanza na wa pili ni mafundi zege, tawi la kulia. Wa tatu, mpiga drili, kushoto. Wa nne, fundi wa kuchomelea tunayemwita Cheche, kulia. Wa tano, fundi pampu, kushoto. Wa sita, fundi zege mwingine, kulia. Nawataja hivi kwa mpangilio kwa sababu mpangilio ndio ulionikaanga.

Mpiga drili na Cheche wakatoka pamoja, wakasukuma taa zao dirishani na kukimbilia bafuni. Mashine ya kadi ilikuwa imekufa kabisa. Simu ikalia. Alikuwa fundi baruti, kutoka kibanda cha kuwashia kilicho ng'ambo ya bonde.

"Mama Taa, nimeshafunga waya zangu zote. Kibali cha kuwasha kiko wapi?"

"Kinakuja."

"Kinakuja kwa miguu? Mwambie msimamizi akilete, jua halinisubiri."

Msimamizi alikuwa ameshawasha pikipiki nje, anapiga honi. Nilikuwa na watu wawili wa kutoa, wa tatu na wa nne. Nikaona ya nini kuita skripti mara mbili? Nikaipa namba zote mbili kwa pamoja. Tatu, nne. Nikabonyeza. Nikahesabu: walikuwa sita, wametoka wawili, wamebaki wanne. Hesabu imelala. Nikahesabu tena, wanne. Nikaiuliza orodha, kushoto yuko nani? Ikajibu hakuna. Nikachapa kibali, nikatia sahihi, msimamizi akakitia kifuani na kuondoka na vumbi lake.

Zamani msimamizi alikuwa anapita tawi zima na tochi kabla ya kuwasha baruti. Tangu faili lije, anapita faili. Simlaumu, maana nami nilikuwa na rafu ya taa mgongoni na sikugeuka kuitazama.

Saa kumi kasoro dakika kumi, king'ora cha kwanza kikalia. Hivyo ving'ora vinajiendesha vyenyewe. Kuna faili lingine dogo lenye ving'ora vitatu, kila kimoja na saa yake na hali yake, nami hulipanga mchana. Boksi lililoko mlimani hulisoma kila dakika inapotimia na kufuata lilichokuta. Cha kwanza ni cha kuwaonya watu, cha pili kinalia kasoro tano, cha tatu saa kumi kamili. Baada ya cha tatu fundi baruti anahesabu mpaka sitini, anawasha. Asipokisikia cha tatu, hawashi. Hiyo ni sheria yake, aliyoirithi kwa mwalimu wake, na haivunji hata umwombe kwa machozi.

Kasoro sita hivi, Cheche akatokea dirishani, ameoga, shati safi, nywele zinachuruzika.

"Mama Taa, nisaidie. Mlinzi wa geti kanizuia. Anasema kwenye skrini yake mimi bado niko chini."

"Wewe?"

"Mimi. Nimemwambia anishike, mzimu hashikiki. Hataki. Anasema yeye anafuata orodha."

Nikacheka. Wallahi nikacheka, nikavuta kibodi nimtoe, nikamwona kweli: fundi wa kuchomelea, tawi la kulia, yuko chini. Halafu kicheko kikanikauka mdomoni. Kama Cheche yuko hapa mbele yangu na bado yumo kwenye orodha, na waliotoka ni wawili, na orodha imepungua wawili, basi kuna mtu nimemtoa ambaye hajatoka.

Nikageuka kwenye rafu. Taa ya mpiga drili ipo, ya Cheche ipo. Penye namba ishirini na saba palikuwa wazi, kijitaa chekundu kinapepesa peke yake.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilielewa yote kwa mkupuo. Ni foleni tu. Ukimtoa wa tatu, wa nne anasogea anakuwa wa tatu, na wa tano anasogea anakuwa wa nne. Skripti ilimtoa wa tatu, mpiga drili, sawa kabisa. Kisha ikaenda kumtoa wa nne kama nilivyoiamuru, na aliyekuwa amesimama pa nne wakati huo hakuwa Cheche. Siku zote nilikuwa namtoa mtu mmoja, ndiyo maana haikunisuta. Ningeanzia mkiani, nne kisha tatu, nisingekuwa nasimulia haya.

Na kilichoniuma zaidi si skripti. Faili liliniambia fundi pampu ametoka kabla ya wenzake, nami nikaamini. Miaka kumi na tisa nimekula naye sahani moja, na mwanaume yule hajawahi kutoka mapema popote.

Nikainua simu, nikapiga kibanda cha kuwashia. Ikatoa mlio wa simu inayotumika, ule wa mkono uliolazwa mezani. Nilijua. Akishapokea kibali, fundi baruti huutoa mkono wa simu na kuulaza pembeni asisumbuliwe. Simu za mfukoni wanaziacha kwenye sanduku mbali na baruti, redio nazo zinazimwa. Simu ya chini, tawi la kushoto, waya wake huviringishwa kabla ya kuwasha. Na kwenye chumba cha pampu kuna kelele kiasi kwamba mtu hasikii hata jina lake, sembuse king'ora cha nje.

"Cheche, kimbia. Kibanda cha baruti. Sema kuna mtu kushoto."

"Mtu gani?"

"Kimbia wewe!"

Akakimbia. Mpaka kule, kupitia daraja, mtu mwenye mapafu mazuri anatumia dakika nane, na Cheche anavuta sigara. King'ora cha pili kikalia, saa kumi kasoro tano, kikalia dakika nzima, madirisha yanatetemeka.

Nikabaki na faili la ving'ora. Boksi la mlimani sina ruhusa ya kulizima, nina ruhusa ya faili tu. Lazima hali ya king'ora cha tatu ibadilike kutoka "liza" kuwa "zuia" kabla ya saa kumi. Nikalifungua. Lote lilikuwa mstari mmoja mrefu, mabano ndani ya mabano, hakuna hata pa kupumzisha jicho. Vidole vilitaka kuingia humo humo na kuandika. Nikavizuia, kwa sababu nalijua lile boksi: likikuta faili limevunjika, mkato umepotea au bano halijafungwa, halilalamiki. Linafuata lile la mwisho lililosomeka. Na la mwisho lililosomeka linasema liza.

Kasoro nne. Nikaikalia mikono kidogo. Nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Mama, tulia. Si kwa nafasi. Kwa jina."

Kwanza nikatoa nakala ya faili. Sekunde kumi zikaenda, nazo ziliniuma kama kung'olewa jino, lakini mchana nilikuwa nimeandika juu ya faili bila nakala na matunda yake ndiyo haya. Kisha nikaandika amri: kitafute king'ora ambacho jina lake ni "tatu", si kilicho nafasi ya tatu, badilisha hali yake iwe "zuia", vingine usiviguse, na jibu liweke kwenye faili jipya. Nikabonyeza.

Ikakataa. Nilikuwa nimefungua alama ya kunukuu na sikuifunga.

Kasoro tatu. Nikairudisha amri, nikaitafuta ile alama, macho yanaona mbili mbili. Nilikuwa nalia, na sikuwa na muda wa kufuta machozi. Nikamwona binti yangu, amembeba mtoto, ananiuliza, mama, baba alikwambia nini asubuhi? Nikaifunga alama. Nikabonyeza. Ikanyamaza, na kwenye mambo haya kunyamaza ni kukubali.

Nikalifungua faili jipya nilisome. Sauti moja kichwani ikasema lipeleke, unasoma nini, mtu anakufa. Nikalisoma. Kwanza, liza. Pili, liza. Tatu, zuia. Nikaita programu ya kukagua mabano, ikasema faili ni zima. Kasoro moja na sekunde kadhaa. Ndipo nikalihamisha faili jipya likae mahali pa la zamani, kwa mkupuo mmoja, boksi lisije likalikuta nusu nusu.

Baada ya hapo sikuwa na la kufanya. Nilisimama katikati ya chumba nikiitazama saa ya ukutani, mkono nimeuweka kwenye ile nafasi tupu ya ishirini na saba. Mshale ukapanda. Ukafika juu, ukapita.

Kimya. Nje kulikuwa na ndege tu, na jenereta.

Sikukaa. Nilihesabu mpaka sitini kama yeye anavyohesabu, na nilipomaliza nikahesabu sitini nyingine, kwa sababu sikuiamini hesabu tena. Ardhi haikutikisika. Saa kumi na dakika nne simu ikalia.

"Mama Taa, king'ora changu cha tatu kiko wapi?" Fundi baruti, sauti imejaa ndimu. "Nimekaa hapa kama bwana harusi aliyeachwa."

"Usiguse kitu. Kuna mtu kushoto."

Nikasikia akivuta pumzi. "Kibali chako kinasema hakuna."

"Kibali changu ni cha uongo. Toa funguo kwenye mashine ya kuwashia, mtume msimamizi aende chumba cha pampu. Fundi pampu yumo."

"Mumeo?"

"Mtalaka wangu."

"Haya, mtalaka wako," akasema taratibu. "Funguo ninayo mkononi, Mama. Kaa chini." Kisha akaongeza, "Kuna mtu anakuja anakimbia huku. Nadhani ni Cheche. Nadhani anakufa."

Msimamizi alimtoa saa kumi na dakika ishirini na tano. Akarudi naye mpaka dirishani kwangu, uso wa msimamizi umepauka, wa fundi pampu umejaa grisi na hasira.

"Nimebakiza boliti mbili," akasema fundi pampu. "Mbili tu. Hamwezi kumwacha mtu amalize kazi?"

"Nani alimtoa kwenye orodha?" msimamizi akaniuliza.

Mashine ya kadi ilikuwa pale pale mlangoni, imekufa, ingebeba lawama bila kunung'unika. "Mimi," nikasema. "Skripti yangu. Nilitoa wawili kwa mpigo na sikutazama rafu." Akasema ataandika ripoti. Nikamwambia aandike, na asinipunguzie. Akaenda.

Fundi pampu akavua taa, akaiweka dirishani. Nadhani ndipo alipoanza kuelewa, maana aliitazama ile taa muda mrefu, halafu akanitazama mimi, macho yangu yalivyovimba.

"Kumbe ulikuwa umenitoa," akasema.

"Nilikutoa. Nisamehe." Hilo neno sijamwambia tangu tuoane. "Niliogopa mpaka nikakumbuka dua za utotoni."

Hakujibu kwa mzaha, ingawa nilimpa nafasi. Akasema tu, "Lakini ulinitafuta."

Nikavuta kibodi. Kwanza nikamtoa Cheche, kwa jina. Kisha nikamrudisha fundi pampu kwenye orodha alikostahili kuwa mchana kutwa: jina lake, taa ishirini na saba, tawi la kushoto. Nikalitazama pale lilipokaa. Sasa ilibidi nilitoe tena, maana ametoka kweli, na kidole kikawa kizito.

"Naweza kwenda?" akauliza. "Gari la wafanyakazi linaondoka."

"Simama hapo hapo. Nataka nikuone wakati nakufuta."

Akasimama. Aliweka viganja vyake viwili vichafu kwenye ubao wa dirisha, akatulia, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na mahali pengine pa kuwa. Nikaandika jina lake, herufi moja moja, nikamtazama usoni, nikabonyeza. Likatoka. Yeye akabaki.

Nikaichukua taa yake, nikaichomeka kwenye rafu, kijitaa chekundu kikageuka kijani.

"Jumamosi," nikasema nikiwa nimempa mgongo. "Saa nne asubuhi. Na unawe mikono."

Nilipogeuka alikuwa bado amesimama, anajifuta macho kwa kiwiko, grisi imemjaa mpaka masikioni.

Jumamosi nilipofungua mlango kuchota maji, saa moja haijafika vizuri, nilimkuta ameketi kwenye ngazi.